Mitundu si Watundu

Mwaka wangu wa kwanza Mlimani, kila nilipotaja kwamba nyumbani kwetu ni Mitundu, watu walicheka. "Kumbe ndiyo maana!" walisema, kana kwamba wamenikamata nikiiba maembe. Msomaji, mimi sikuwa mtundu hata kidogo. Nilikuwa kijana mwoga aliyengoja pale Mwenge robo saa nzima kabla ya kuthubutu kuvuka barabara. Nikawa nawaeleza kila mara: mtu mtundu, wingi wake ni watundu, bali mtundu ni mti pia, na mti huo wingi wake ni mitundu. Ngeli mbili tofauti kabisa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma Kiswahili alinitetea mbele ya watu mezani, akatoa mhadhara mzima juu ya ngeli, huku sahani yake ya wali na maharage ikipoa. Tangu siku ile akaniita Bwana Mti.

Mitundu yenyewe iko kusini ya Itigi, katika mkoa wa Singida, kwenye njia inayoelekea Rungwa na hatimaye Chunya na Mbeya. Siku zile tulikuwa chini ya wilaya ya Manyoni. Ukishuka katika treni ya reli ya kati pale Itigi, mara nyingi usiku wa manane, unatafuta lori la kwenda kusini, na wakati wa masika lori hilo hufika likitaka. Udongo wa huko una tabia mbili: kiangazi ni mgumu kama saruji, jembe linaruka, mvua ikinyesha unageuka uji. Nyumbani hapakuwa na umeme, wala simu, wala gazeti ambalo halijafungia sukari kwanza. Kulikuwa na mbung'o, ambao sisi tunawaita ndorobo, na kulikuwa na nyuki.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Sisi Wakimbu tuna jina la kuwa watu wa msituni, watu wa mizinga, na baba hakulikanusha jina hilo. Alikuwa na mizinga mingi ya magome katika misitu ya miombo, akiikumbuka yote kichwani, mmoja mmoja, na mti wake na tawi lake. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika mizinga hiyo. Sanduku langu la bati, shuka zangu, nauli yangu ya treni, vyote vilipitia kwanza katika tumbo la nyuki. Hata yale maji ya bomba niliyokunywa Dar es Salaam niliyaona yana deni la asali.

Watu huuliza mwanafunzi wa chuo alikuwa na furaha gani, hasa wa miaka ile ya tisini ambapo serikali ilikwisha anza kuwataka wazazi wachangie gharama. Nikijibu kwa haraka nitataja siku ya bumu, yaani siku ya kupokea posho. Siku hiyo hata watu waliokuwa hawasalimiani walisalimiana. Nyama ya kuchoma ililiwa, mashati ya mitumba yalinunuliwa, na kwa siku kama nne hivi kila mtu alikuwa tajiri. Lakini bumu lilikwisha upesi, na furaha yake lilikwenda nayo. Zile zilizobaki nami zilikuwa ndogo zaidi, nyingine nina haya hata kuzitaja.

Kwa mfano, kubebana. Chumba kilikuwa cha watu wawili, nasi tulikuwa wanne, kwa maana wenzetu wawili hawakupata nafasi bwenini. Kitanda kimoja watu wawili, tukilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Usiniambie kwamba hiyo ni shida tupu. Ni kweli nilijua kila shimo la soksi za yule Bwana Ngeli. Lakini pia usiku taa zikizimika ghafla, watu wanne gizani tulisimuliana kwetu: mmoja wa Kilwa, mmoja wa Bukoba, mmoja wa Iringa, na mimi wa msituni. Nimeijua Kilwa kwa giza lile kabla sijaiona kwa macho.

Au kupiga msuli. Wanafunzi wa Tanzania wanaiita hivyo kazi ya kusoma hadi usiku, kwa sababu mtu hujifunga msuli wake kiunoni, akakaa mezani mpaka jogoo awike. Ilikuwapo saa fulani, kama saa tisa za usiku, ambapo jambo nililolisoma mara tano bila kulielewa lilifunguka lenyewe. Nilikuwa natoka nje peke yangu kutembea mbele ya bweni kwa furaha, nikiwa na kandambili, bila mtu wa kumwambia.

Hata tumbili. Mlimani pana tumbili, nao hawaogopi msomi. Mmoja aliingia dirishani akanichukulia mkate mzima siku ambayo bumu lilikwisha kukata. Nilikasirika hadi machozi yakanilenga, kisha nikamwona amekaa juu ya ukuta akiutazama mkate ule kwa heshima kuliko mimi nilivyoutazama siku zote, nikacheka. Basi.

Lakini furaha iliyonigeuza maisha niliipata maktabani, kwa bahati tu.

Ilikuwa mwaka 1996, mwaka wangu wa pili. Nilikuwa nasoma botania na kemia. Mwalimu wetu alitupa kazi ya kuandika juu ya uoto wa sehemu moja ya Tanzania, nami niliingia katika maktaba ya Chuo nikitegemea kuandika juu ya Serengeti kama wenzangu wote. Katika kupekua nikakutana na maneno mawili ya Kiingereza, na la kwanza lilikuwa Itigi. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikarudia. Vichaka vya Itigi! Vile vichaka tulivyovilaani, vinavyochana nguo, ambavyo mbuzi akiingia humwoni tena, vilikuwa vimeandikwa kitabuni kuwa ni uoto wa pekee, usiopatikana ila kwetu na sehemu moja tu nyingine, kule Zambia karibu na ziwa Tanganyika na ziwa Mweru Wantipa.

Nilikaa chini. Sijui kama msomaji amewahi kuona jina la kwao limechapishwa mahali ambapo hakulitegemea. Ni kama kuitwa kwa jina la utotoni katikati ya soko la Kariakoo.

Nilifuata uzi ule siku nyingi. Nikamkuta Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o wakati wa Waingereza, ambaye alizunguka katika mapori yetu akikusanya majani na matawi. Alikufa mwaka 1938 kwa ajali ya ndege hapa hapa Tanganyika, pamoja na mkuu wake Swynnerton, akiwa hajayachapisha mengi aliyoyaona. Wenzake walizikusanya karatasi zake, na maelezo yake ya uoto wa nchi hizi yakatoka katika jarida la wanaikolojia wa Uingereza mwaka 1942. Nikamkuta pia Clement Gillman, mhandisi aliyefika mwaka 1905 Wajerumani wakijenga reli ileile niliyoipanda mimi kuja chuoni. Akaja kuwa mhandisi mkuu wa reli ya Tanganyika, na kumbe muda wote alikuwa akitazama dirishani, maana alichora ramani ya uoto wa nchi nzima, iliyochapishwa mwaka 1949 naye amekwisha fariki. Mimi nilikuwa nimepita njia ileile mara nne, nikilala.

Nilinunua daftari jipya la kurasa mia moja nikanakili majina ya miti ya kwetu yote niliyoyaona. Yalikuwa ya Kilatini: *Pseudoprosopis fischeri*, *Bussea massaiensis*, *Combretum celastroides*. Upo hata mmoja ulioitwa kwa jina la yule marehemu, *Grewia burttii*. Mtundu wetu nao nikaukuta umevaa suti: *Brachystegia spiciformis*. Nilitamka jina hilo kwa sauti pale maktabani, na dada mmoja akanitazama kama mtu anayesali mahali pasipostahili.

Siku chache kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka nikapata barua. Ilikuwa mwandiko wa dada yangu. Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akirina, paja limevunjika, amelazwa Itigi kwenye hospitali ya misheni, amefungwa plasta. "Usiache mtihani," aliandika, "baba amesema usiambiwe, lakini mimi nimeona uambiwe." Tarehe ya barua ilikuwa wiki tatu nyuma.

Niliingia katika chumba cha mtihani wa kemia nikiwa nimekaa nayo mfukoni. Katika maswali matano niliyotakiwa kujibu, nilijibu mawili na nusu. Sikumlaumu mtu. Nilipotoka nje nilijua.

Nilifika Mitundu mwezi wa saba. Baba alikwisha rudi nyumbani, akilazwa mchana kwenye mkeka chini ya mwembe, mguu mmoja mweupe na mrefu kama gogo la mpapai. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza treni ilipita Saranda saa ngapi na kama kuku wa pale bado ni wazuri. Hakuutaja mguu. Mama alikuwa amekonda. Debe la asali lililobaki ndani lilikuwa moja.

Mizinga ilikuwa haijarinwa zaidi ya nusu. Basi likizo ile, badala ya kukaa barazani kama msomi, nilikwenda porini na baba yangu mdogo. Tulitembea kutwa tukipigwa na ndorobo, ambao wakiuma hata shati haliwazuii, na usiku tukaanza kazi. Kurina kunataka giza, na kunataka moshi. Unafunga magome na majani makavu kuwa kama mwenge, unauwasha na kuuzima ili utoe moshi bila moto, unapanda nao mtini. Baba mdogo alinipa mimi kupanda. "Wewe ndiye kijana," alisema. "Mimi nitakuwa chini kuomba Mungu."

Nilipata kuumwa mara nyingi kiasi kwamba asubuhi jicho moja lilifungika. Lakini nitasema kweli: pale juu, usiku wa kwanza, nilipotia mkono katika mzinga nikahisi masega yenye joto, joto kabisa kama mwili wa mtoto, nilisahau kemia. Niliteremsha ndoo kwa kamba, na baba mdogo kule chini akavunja kipande akala na nta yake, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, imejaa. Teremsha nyingine."

Katika usiku ule na ule uliofuata niliamua kwamba sitarudi chuoni. Sikuamua kwa huzuni, msomaji, na hapo ndipo palipo hatari. Niliamua kwa raha. Baba hataweza kupanda tena; mdogo wangu wa kiume bado mtoto; mizinga ipo; mimi nimeweza. Kufeli kulinipa sababu, mguu wa baba ukanipa heshima. Nani atamlaumu mtoto aliyerudi kumsaidia baba yake? Nilijiona mwema sana.

Mchana, nikiwa nyumbani, nilianza mchezo na baba ili asichoke kulala. Nilileta lile daftari nikamsomea majina ya Kilatini. Alicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Rudia huo!" alisema. "Huo ni mti au ni ugonjwa?" Kisha akataka kujua ni mti gani hasa. Mimi nikamweleza jani lilivyo, ua lilivyo, kama nilivyonakili. Alifumba macho akafikiri, akaniambia niende nyuma ya nyumba ya fulani, nikakate tawi la mti fulani. Nikaleta. Akalipindapinda, akalinusa, akasema ndio au sio. Mara nyingine tulibishana siku mbili juu ya tawi moja.

Ndipo nilipogundua kitu. Kila mti niliomsomea, baada ya kuutambua, yeye alikuwa na maneno yake ya kuongeza: huu hutoa maua kabla ya mvua; huu nyuki huupita tu; huu asali yake ni nyeupe na huganda upesi; huu asali yake nyeusi, ina ukali kooni, wazee ndio huipenda; huu gome lake hufaa mzinga lakini ukilibandua vibaya mti unakufa; huu usitundike mzinga, siafu wanaupenda. Nikaanza kuandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Dada yangu aliyekuwa anachambua mboga za mlenda alianza kusogea karibu.

"Huyu mzungu wako," baba aliniuliza siku moja, "alikaa huku muda gani?"

Nikamweleza habari za Burtt: jinsi alivyozunguka, na ndege, na mwaka 1938.

"Maskini," alisema. "Na karatasi zake?"

Nikamwambia wenzake walizikusanya wakazichapisha miaka minne baadaye.

"Basi alikuwa na marafiki." Akanyamaza. Kisha akasema, "Alitembea vizuri. Miti ameiona. Lakini hakuuliza nyuki."

Maneno hayo nimeishi nayo tangu siku ile. Sikuyaelewa mara moja. Niliyaandika tu, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi.

Mwisho wa mwezi wa nane lori lilileta barua yangu kutoka kwa Bwana Ngeli. Matokeo yametoka, nimefeli kemia peke yake, hivyo nina sapu, mtihani wa marudio, katikati ya Septemba. Ameambatisha kurasa kumi na mbili za muhtasari alizomwombea rafiki yake wa kemia aniandikie kwa mkono, maana yeye mwenyewe, aliandika, hajui kemia bali anajua kwamba neno hilo liko katika ngeli ya N. Niliisoma nyuma ya zizi. Nikaikunja nikaichomeka katika nyasi za paa, juu ya mlango wa chumba nilicholala, nikaendelea kukata miti ya kutengenezea mizinga mipya.

Sasa nimseme dada yangu, ambaye nimempitisha pembeni kama vile yeye mwenyewe alivyopitishwa. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka miwili. Alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza katika wasichana. Mwaka ule mimi nilikuwa nakwenda kidato cha tano, na asali ilikuwa ni ya mtu mmoja. Hakuna aliyekaa kikao cha kuamua. Hakuna aliyemwambia hapana. Ilikuwa tu kwamba sanduku la bati lilinunuliwa moja. Tangu hapo alisoma kila kilichoandikwa kilichofika Mitundu: maandishi ya magunia ya mbolea, magazeti ya kufungia sukari, barua za majirani wasiojua kusoma. Mtu wa namna hiyo huwezi kumficha karatasi katika paa lenye urefu wa mikono miwili.

Jioni moja tulikuwa tumekaa, ugali wa uwele umekwisha liwa, koroboi inawaka. Dada akatoa barua katika khanga yake, akamwomba baba ruhusa, akaisoma yote kwa sauti, tangu salamu hadi sahihi. Alipofika mahali pa tarehe ya mtihani alisoma mara mbili. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa na hotuba yangu tayari juu ya wajibu wa mtoto wa kwanza.

Baba hakuniuliza kwa nini nimeficha. Hakuniuliza sapu ni nini. Aliuliza, "Nauli ya kwenda Dar es Salaam sasa ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Na muhtasari huo, kurasa kumi na mbili, ameuandika kwa mkono?"

"Ndiyo, baba."

"Hajakudai kitu?"

"Hapana, baba."

Akamgeukia mama wakaanza kuhesabu madebe, ngapi yauzwe Itigi na ngapi yabaki, kana kwamba mimi sipo pale. Ile hotuba yangu niliikunja.

Usiku huohuo nilitoka nje na dada akanifuata. Nilitegemea anisute. Alisema, "Kaka, ukikaa hapa utarina vizuri, nimekuona. Lakini hata mimi naweza kurina." Kisha baada ya muda, "Lile daftari niachie."

Nilisema nitalihitaji, ndiyo kazi yangu ya mwaka wa tatu, nataka kuandika juu ya miti ya nyuki. Nilikuwa nimeamua jambo hilo dakika ileile, nilipofungua kinywa. Hadi leo sijui kama ni yeye aliyeniamulia au ni baba na yale maneno yake. Akasema, "Basi nakili yako, uniachie hili. Baba bado ana miti mingi."

Nilikaa siku tatu nikinakili kwa koroboi. Miti ilikuwa 41. Mimi niliyempigia msuli kila mtu katika kemia, nilikuwa sasa napiga msuli nyumbani kwetu, kiunoni msuli wa baba, pua imejaa moshi wa mafuta ya taa, nikinakili maneno ya mtu aliyelala chumba cha pili akikoroma. Huko nje, kabla sijaondoka, mitundu ilianza kuchipua. Wasioijua miombo hawataamini: majani mapya huja kabla ya mvua, nayo ni mekundu, mekundu kama shaba, msitu mzima unawaka wakati ardhi ni kavu na hakuna hata wingu. Nimekulia hapo na sikuwahi kusimama kutazama. Mwaka ule nilisimama, na lori likaniachia kidogo niondoke kwa miguu.

Pale Itigi treni ilichelewa saa tisa. Nilikuwa na dumu la asali la lita tano, zawadi ya Bwana Ngeli na wenzake, nikalitumia kama kiti, kisha kama mto. Daraja la tatu lilikuwa limejaa. Karibu na Dodoma mtoto wa mama mmoja alilia njaa, nikafungua dumu nikampa kwa kifuniko. Sikufunga vizuri. Nilipoteremka Dar es Salaam, nakala yangu yote ya miti ya kwetu ilikuwa inanata, kurasa zimeshikana, na sisimizi wa mjini walikwisha pata habari.

Ile kemia nilipasi, si kwa alama za kujivunia. Kazi yangu ya mwaka wa tatu niliiandika, nikimtaja baba kwa jina lake kamili katika shukrani, na nilipompelekea nakala alitaka kujua karatasi hiyo ngumu ya mbele ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Alitembea tena kwa fimbo, lakini mtini hakupanda. Nimekuwa mwalimu wa biolojia kwa miaka mingi sasa. Tangu mwaka 2024 wanafunzi wangu huenda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, wanafika hata hawajamaliza kusimuliana habari za likizo. Pale Mlimani pana maktaba mpya kubwa iliyofunguliwa mwaka 2018, nami niliingia siku moja kama mgeni, nikamwomba kijana mmoja anionyeshe pa kutafuta neno Itigi. Alilitafuta kwa mashine. Yalitoka mengi.

Dada alirina mizinga ya baba miaka tisa. Alipanda mwenyewe, usiku, akiwa amejifunga suruali yangu ya zamani, na mwanzoni watu walisema, baadaye wakazoea, baadaye wakawa wanamwita awafundishe watoto wao. Binti yake wa kwanza alikwenda sekondari na sanduku lake.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Baada ya matanga dada alilitoa lile daftari la kurasa mia moja, jalada limeliwa na mchwa pembeni, akanionyesha. Mti wa kwanza hadi wa 41, kalamu yangu ya wino, na pembeni maneno ya baba kwa kalamu ya risasi, yamefifia. Kuanzia mti wa 42 mwandiko ni wake. Anaandika vizuri kuliko mimi. Hakuna Kilatini, kuna jina la Kikimbu, mwezi wa maua, rangi ya asali, na jina la bonde mti unapoonekana. Mti wa mwisho ni wa 117, na mbele yake ameandika tarehe, wiki mbili kabla ya baba kufa, na maneno: amesema huu alikuwa ameusahau.